Unamfahamu Mgeni Huyu?

Nilimwona kabla hajaniona, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Abdulrahim alikuwa amechuchumaa katikati ya ghala, gitaa mapajani, anakaza waya mpya huku ameushika kwa meno. Nilishamkanya sana juu ya meno yale. Mwanamume mzuri hivi, siku moja atabaki kibogoyo kwa ajili ya gitaa, na mimi ndiye nitakayempikia uji mpaka uzeeni.

"Umechelewa," alisema bila kugeuka.

"Umejuaje ni mimi?"

"Nimesikia harufu."

"Ya nini? Sijajipaka chochote. Nimeogea sabuni ya kufulia."

"Hiyo hiyo ndiyo inayonimaliza."

Akageuka, akaniangalia. Jamani, kuna watu Mungu amewapa macho ya kuonea, na kuna wengine amewapa ya kuwatesea wenzao. Nilijifanya natafuta mahali pa kuweka kanga yangu ili asione nilivyobabaika.

Ilikuwa Machi, mwaka wa 2004. Ukungu ulikuwa umeingia Mlowo tangu asubuhi na kukataa kuondoka. Saa nane ya mchana malori yalikuwa yanapita barabara kuu yamewasha taa. Ghala lilikuwa tupu kwa kuwa mahindi mapya yalikuwa bado shambani, na mwenye nalo alikuwa ametuazima tufanyie mazoezi. Siku hiyo yalikuwa mazoezi ya mwisho. Kesho yake tungeimba mbele ya watu waliokata tiketi. Jenista, rafiki yangu, alikuwa amewaita akina mama wanaochambua maharage uani waje kutucheka mapema, nao walikuwa wameshakaa juu ya magunia matupu wakijifunika vitenge kwa baridi.

Tulichokuwa tunakifanya hata jina kilikuwa hakina. Fundi mmoja wa Kizungu aliyekuja kufunga mtambo wa kukoboa kahawa, mtu wa nchi inayoitwa Lithuania, alimsimulia Abdulrahim hadithi ya kale ya kwao. Msagaji mmoja anasaidiwa na mgeni asiyejulikana atokako, naye kwa kutojua anamwahidi binti ambaye hajazaliwa. Fundi akasema kwao hadithi ya namna hiyo huimbwa ukumbini mwanzo mpaka mwisho, hakuna kuongea, magitaa ya umeme yakikwaruza na ngoma zikipasua masikio. Basi Abdulrahim hakupata usingizi tena. Alikuwa mtoto wa msafirishaji wa Chapwa, kule Tunduma, familia iliyotoka Ujiji, na baba yake alitaka ashike usukani wa lori. Yeye akavuka mpaka kwenda Nakonde, akarudi na magitaa mawili na spika zilizokwanguka rangi.

Mimi nilikuwa binti wa msagaji. Sikuhitaji kuigiza sana, maana baba yangu, mzee Fanueli, ana mashine ya kusaga Igamba, na nimekua nikikohoa unga.

Katika hadithi ya fundi, mgeni anatoa pete. Jenista alicheka mpaka akakaa chini. "Pete? Watu wa hapa watadhani tunawatangazia sonara!" Tukaweka jembe. Kwetu mchumba huleta jembe. Mzazi akilipokea, jambo limeanza, lakini halijaisha mpaka binti aitwe mbele ya watu aulizwe: "Unamfahamu mgeni huyu?" Akisema "Namfahamu," hapo ameshakwenda.

Abdulrahim aliposikia habari hiyo aliipenda mno. Akaitungia wimbo, akanipanga nisimame namna ambayo Mgeni yuko kando yangu, lakini nikifika kwenye "Namfahamu" uso wangu unamwelekea mpiga gitaa.

"Baba yako hataniita kwake hata siku moja uulizwe habari zangu," aliniambia. "Basi nijibu hapa, mbele za watu, angalau kwa wimbo."

Nami nilikuwa namjibu. Kila zoezi nilimjibu kwa moyo wangu wote. Baba alikuwa ameshasema neno lake, na baba akisema hajirudii: "Sisi ni watu wa kanisa. Yule ni Mwislamu, tena mtu wa barabarani. Nisisikie jina lake ndani ya nyumba hii." Siku hiyo ya mazoezi ya mwisho alidhani nimekwenda kwenye kwaya.

"Lwitiko yuko wapi?" niliuliza. Lwitiko ndiye aliyekuwa Mgeni wetu.

"Sauti imemkauka tangu alfajiri, hata shikamoo haitoki. Lakini tumepata mtu. Yule pale."

Kwenye mlango wa nyuma alisimama mwanamume aliyevaa koti la kijivu. Umri wake sikuweza kuukadiria. Ukimtazama mdomo ungesema kijana, ukimtazama mikono ungemwamkia. Alinisogelea, nikaona kope zake zina unga. Unga ule naujua. Hauwi hivyo kwa kupita tu mashineni, huwa hivyo kwa kushinda pale kutwa nzima.

"Unafanya kazi ya kusaga?" nilimwuliza.

"Niliwahi."

"Wapi?"

"Sehemu nyingi. Hata Igamba."

Sauti yake ilikuwa nzuri mno. Hata sasa nikisema nzuri nasisimka, wala si kwa raha. Alipokwenda kusimama mahali pake, Jenista alinivuta mkono.

"Kumbe ni mtu wa kwetu Ileje," alininong'oneza. "Nimeongea naye Kindali, anakizungumza kama marehemu babu."

Abdulrahim akadakia. "Kindali gani? Yule ni mtu wa Kigoma. Tumesalimiana Kiha, kile kile cha bibi yangu."

Wakatazamana, wakacheka. Mimi sikucheka. Nami alikuwa ameniambia maneno yake kwa Kiswahili chenye lafudhi ya nyumbani kwetu, ya mtaani kwetu hasa.

Tukaanza. Jenereta ilikuwa inanguruma nje, taa mbili zimening'inia darini, na gitaa la Abdulrahim liliingia kwa ule mkwaruzo wake uliowafanya akina mama wazibe masikio wakicheka. Nikaimba sehemu yangu. Jenista na wenzake wakaitikia. Kisha akaingia Mgeni, na akina mama wakaacha kucheka.

*Nimesaga mahindi yenu,*
*sikudai pishi wala kibaba.*
*Nimekuja kukichukua kile*
*ambacho baba hakukijua.*

Abdulrahim alinisogelea akiendelea kupiga. Jasho lilikuwa limemtoka na baridi yote ile.

"Beti hiyo umempa saa ngapi?" niliuliza.

"Sijampa. Sijaiandika, Gwantwa. Hapo nilikuwa nimeacha nafasi, nikakosa maneno."

Kabla sijajibu jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Taa zikafa. Ghala likabaki na mwanga mweupe wa ukungu uliokuwa unaingia mlangoni. Nilisubiri kimya kianguke, kama siku zote umeme ukikatika. Hakikuanguka. Gitaa liliendelea kulia kwenye spika.

Abdulrahim aliinua mikono yote miwili akaiweka hewani, mbali na nyuzi, kama mtu aliyewekewa bunduki. Muziki ukaendelea. Mgeni alipiga goti katikati ya ghala, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa jembe. Silo letu la mbao lililopakwa rangi. Lilikuwa jembe la chuma, lisilo na mpini, zito, la zamani sana. Akaliweka sakafuni mbele yangu.

"Gwantwa!"

Baba! Alikuwa ameingia na baiskeli yake mpaka ndani, unga begani, anahema kwa mwendo wa kutoka Igamba. Aliitupa baiskeli chini.

"Kumbe ndiyo kwaya yenyewe hii? Na wewe kijana, nilikuonya au sikukuonya?"

"Shikamoo, mzee," Abdulrahim alisema.

"Sitaki shikamoo yako! Binti yangu hafundishwi kelele na watoto wa madereva. Gwantwa, chukua vitu vyako, twende nyumba—"

Alikuwa amemwona mtu aliyepiga goti. Nimemfahamu baba yangu maisha yangu yote kama mtu mgumu. Nilimwona akiteguka bega kwenye mkanda wa mashine asitoe hata sauti. Siku hiyo nilimwona midomo ikimcheza.

"Mzee Fanueli," Mgeni alisema kwa upole. "Habari za siku nyingi. Mashine inasaga?"

"Inasaga."

"Imewahi kuharibika?"

"Haijawahi."

"Basi vizuri." Akanyanyuka, akapangusa goti.

Nilimkimbilia baba nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi. "Baba, unamjua mtu huyu?"

"Usilitaje neno hilo!" alinikemea. "Usiseme unamjua, usiseme unamfahamu, usiseme lolote. Umeshamjibu? Gwantwa, mwanangu, niambie ukweli, umeshamjibu?"

"Kumjibu nini? Ni mchezo, baba. Ni hadithi ya Walithuania."

"Walithuania ndio nani? Wanakaa kijiji gani hao walioijua habari yangu?"

Muziki uliendelea chini chini. Baba akakaa juu ya gunia, kofia mkononi, akaongea akitazama sakafu.

"Mwaka wa themanini na tano nilinunua mashine mbovu. Wiki nzima nazungusha hendeli, haiitiki. Watu wamepanga ndoo zao wananicheka. Akaja huyu. Akaweka kiganja tu juu ya injini, ikawaka. Nikamwuliza, nikupe nini? Akasema, nipe kile kilichoko nyumbani kwako ambacho bado hujakijua. Nikafikiri, kwangu kuna nini nisichokijua? Labda kuku ametotoa! Nikacheka. Akaniletea jembe hilo hilo, nami nikalipokea kwa mikono miwili, akaniambia atanitunzia. Niliporudi nyumbani, mama yako Loisi akaniambia ana mimba yako."

Nilisikia akina mama wakivuta pumzi. Mimi sikuwa na pumzi ya kuvuta.

"Kwa hiyo wachumba wote uliowafukuza..." nilianza.

"Wote. Hata mtoto wa mchungaji. Nilisema, usipoitwa mbele ya watu kuulizwa habari za mwanamume yeyote, swali hili halitapata mlango wa kuingilia. Huyu kijana dini yake siitaki, sikatai. Lakini hata angekuwa askofu ningemfukuza."

Nilitaka kumchukia. Miaka miwili nililia kwenye mto kwa sababu yake, nikimwona katili asiyejua kupenda ni nini. Sasa nilimwona ni mzee mwenye hofu aliyenifungia ndani kwa kuwa hakuwa na ujanja mwingine, na nikampenda mpaka kifua kikauma.

"Binti wa nyumba hii," Mgeni alisema.

Muziki ukapanda. Ukafika pale pale ambapo siku zote huingia sauti yangu, ukapazunguka, ukapangoja.

"Mbele ya watu hawa, unamfahamu mgeni huyu?"

Neno lilikuja lenyewe. Nilikuwa nimeliimba mara nyingi mno, kwa mapenzi mengi mno, na mdomo wangu ulikuwa umeshalizoea. Nililihisi kwenye ulimi. Meno yangu yaliachana yenyewe. Baba alikuwa analia waziwazi, na niliona anajaribu kusimama miguu ikimkatalia.

"Gwantwa, niangalie mimi."

Abdulrahim alikuwa amesimama kati yangu na Mgeni. Gitaa alishalivua. Alinishika uso kwa viganja viwili mbele ya baba yangu na mbele ya akina mama wote, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu hata tukiwa wawili.

"Hilo neno ni la kwangu," alisema. "Wallahi, uliniimbia mimi. Usimpe mtu mwingine."

Nilimwangalia. Nililitazama kovu dogo lililo juu ya jicho lake, na uchovu wake, na woga wake ambao alikuwa anauficha kwa ajili yangu. Neno likarudi kooni, likashuka. Nikageuza kichwa nikamtazama Mgeni kwenye kope zake zenye unga.

"Simfahamu," nilisema.

Muziki ukakatika. Nilianguka kifuani kwa Abdulrahim nikidhani yamekwisha. Lakini Mgeni hakuondoka, wala hakuonekana kukasirika.

"Nimesikia," alisema. "Binti amekataa, ni haki yake. Sasa nyumba inijibu."

"Nyumba ijibu nini tena?" Abdulrahim alifoka. "Amekataa! Chukua chuma chako uende!"

Bibi Enesi, mkubwa kuliko wote pale kwenye magunia, ndiye aliyetufafanulia. Alisema taratibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Mjukuu wangu, wewe si wa huku. Jembe lililopokewa halirudi peke yake. Binti akikataa, mtu wa nyumba yake husimama akasema anamfahamu mgeni, halafu hulibeba jembe na kumsindikiza mpaka kwake. Kwa watu wa kawaida ni mwendo wa kwenda na kurudi, watu wanakunywa pombe wanapatana." Akamtazama Mgeni, akaangalia pembeni. "Kwa huyu sijui kwake ni wapi."

Sasa kimya kile nilichokuwa nimekingoja kikaja, na nikatamani muziki urudi.

"Nitajibu mimi," Abdulrahim alisema.

"Usiwe mwehu!" nilimvuta shati.

"Niache, Gwantwa. Nitalibeba mimi. Nimezoea safari."

Mgeni alimtazama kwa mara ya kwanza, na nikamwona akitabasamu. "Wewe ni wa nyumba hii?"

"Mwulize mzee."

Wote tukamgeukia baba. Alikuwa ameshasimama. Mungu wangu, ilikuwa rahisi namna gani! Neno moja tu, kwamba ndiyo, huyu ni mkwe wangu, huyu ni wa nyumba yangu, na kijana asiyemtaka angelibeba jembe akapotelea ukunguni, naye baba angerudi Igamba na binti yake nyuma ya baiskeli. Nilimtazama baba na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwomba kwa macho asimkubali Abdulrahim. Kataa, baba. Mkatae kama ulivyomkataa siku zote.

Baba alimtazama Abdulrahim kwa muda mrefu, juu mpaka chini.

"Hapana," alisema. "Huyu kijana simtambui. Si mtu wa kwangu."

"Mzee!" Abdulrahim alipaza sauti.

"Nyamaza wakubwa wanapoongea." Baba akavaa kofia yake, akaiweka sawa kama anavyofanya akienda kanisani. "Mgeni huyu namfahamu mimi. Mimi Fanueli. Nililipokea jembe lake mwenyewe, kwa mikono hii, hakuna aliyenilazimisha."

Akainama, akaliinua. Niliona lilivyomvuta mkono chini kwa uzito. Mgeni akageuka bila neno, akatangulia mlangoni, na ukungu ukampokea kabla hajafika nje.

"Baba!" Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo. "Baba, usiende! Mama nitamwambia nini?"

"Mwambie asiniwekee chakula," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayekwenda shambani. "Na mashine aiuze. Asikubali mtu aiwashe tena."

Nilichomoka. Abdulrahim alinidaka kiunoni, nikampiga, nikamng'ata mkono, hakuniachia. Baba alikuwa kizingitini. Jibu lake lilikuwa limeshatolewa na kusikiwa na watu wote, hakuna mwingine ambaye angeweza kuulizwa tena. Ndipo akageuka, akamtazama mwanamume aliyenishika, akamwita kwa neno ambalo miaka miwili nzima nilikuwa nimepiga magoti nikiomba atamke.

"Mkwe," alisema. "Mshike mwenzio vizuri."

Nilikuwa nimelitamani neno lile kuliko kitu chochote duniani. Nilipolisikia, ningetoa mapenzi yangu yote alirudishe kinywani, aje aniburuze kwa sikio mpaka Igamba, anifungie ndani, na anikatalie Abdulrahim mpaka nizeeke.